Mwaka Unaoonekana Mara Mbili: Kutafuta Chanzo Kwenye Senti za Zamani

"Papa, ona hii mwaka. Iko mbili."

Mama aliyeniambia hivyo anauza sombe na matembele soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Mkononi alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa sarafu za marehemu baba yake. Mzee huyo alifanya kazi ya mgodini tangu wakati wa Wabelgiji, na kama wazee wengi wa makambi alizoea kudondosha chenji ndani ya kopo akingoja siku itakapomfaa. Siku hiyo haikufika. Faranga ikawa zaire, zaire ikawa faranga tena, na kopo likabaki chini ya kitanda. Sasa mjukuu ameona kwenye simu kwamba huko Marekani kuna senti yenye mwaka uliorudiwa ambayo bei yake inanunua gari kuukuu, na kopo zima limemwagwa juu ya meza yangu.

Tulizipitia zote. Kumi na moja zilikuwa na mwaka "mbili" kweli, kwa maana kwamba hata mimi niliona kitu pale. Kumi kati ya hizo hazikuwa na jambo. Nitazitumia hizo hizo kumi na moja kueleza namna ya kutenganisha, kwa sababu swali la mama yule naulizwa kila mwezi, na jibu huwa halitokani na jicho kali. Linatokana na kujua kosa liliingia wapi.

Sarafu inazaliwa kwa ngazi tatu

Fundi hutengeneza kwanza chuma kigumu chenye picha iliyoinuka. Nitakiita chuma mama. Chuma mama hukandamizwa juu ya kipande kingine cha chuma na kuacha picha iliyozama: huo ndio muhuri. Muhuri nao hugonga visahani vya shaba, nikeli au alumini, picha inainuka tena, na hiyo ndiyo sarafu.

Kosa linaweza kuingia ngazi yoyote. Likiingia kwenye muhuri, kila sarafu iliyopigwa na muhuri huo hulirithi, maelfu kwa maelfu, mahali pale pale, kwa umbo lile lile. Hilo ndilo wakusanyaji wanaliita aina, na ndilo linalolipwa. Likiingia wakati wa kupiga, ni ajali ya kisahani kimoja, au ya dakika chache za mashine iliyolegea. Fikiria muhuri wa ofisi ya komini. Karani akitikisika mkono, barua moja inachafuka. Lakini aliyechonga muhuri wenyewe akiwa amerudia herufi, barua zote za komini zitatoka na herufi hiyo hadi muhuri utakapotupwa.

(Ndiyo maana msalaba wa Katanga, ule wa shaba wa mababu, hauna mambo haya. Ulimiminwa mmoja mmoja kwenye kalibu, kila mmoja na mikono yake. Ambapo hakuna mbili zinazofanana, huwezi kuzungumzia aina.)

Vifaa, na onyo moja

Lenzi ya kukuza mara 10 inatosha, ile anayoibana jichoni fundi saa. Ukienda mara 40 au 60 utaanza kuona milima na mabonde kwenye kila sarafu, na kila bonde litakuwa utajiri. Taa iwe moja tu, itoke ubavuni, chini chini. Umeme ukikatika usisikitike: dirisha la saa mbili asubuhi linashinda taa yoyote niliyowahi kununua. Sarafu ishike kwa ukingo.

Na usiioshe. Nasema hivi nikiwa na kovu. Nilipoanza kukusanya, nilisugua faranga 5 ya Katanga kwa limau na majivu mpaka ikawa nyekundu kama waya mpya. Niliona nimeifufua. Mnunuzi aliyevuka kutoka Ndola aliigeuza mara moja, akairudisha mezani, akaulizia nyingine. Majivu yalikuwa yamekwangua ngozi yote ya juu, na pamoja nayo zile kona ndogo za tarakimu ambazo ndizo ushahidi wetu. Katika mji wa shaba kama huu kila mtu ana dawa yake ya kung'arisha: limau, maji ya betri, dawa ya meno, mchanga. Zote ni wezi. Kama kuna udongo unaofunika mwaka, ulaze kwenye maji safi usiku kucha, kisha kausha kwa kitambaa laini kwa kugusa, bila kusugua. Kinachobaki, kibaki.

Dalili: mwaka wa pili unaonekana vizuri kwenye picha ya simu, hafifu machoni

Tatu katika kopo la mama zilikuwa hizi, zote makuta 5 (chenji ya zaire) za 1967, zile zenye sura ya Mobutu, bado zinang'aa. Chuma kinachong'aa kina ubavu mbili kwenye kila tarakimu, mmoja unapokea mwanga, mwingine unautupa. Ukiwa na taa mbili, au mrija mrefu wa dari, kila ubavu unapata mstari wake wa mwanga na jicho linahesabu tarakimu mbili. Simu inazidisha: hupiga picha kadhaa na kuziunganisha, na mkono ukitikisika kidogo kingo zinarudiwa. Ukivuta picha kwa vidole, programu huongeza ukali na kuweka utepe mweupe pembeni mwa kila mstari.

Kipimo chake ni chepesi na hakijawahi kuniangusha. Weka sarafu mezani, angalia kivuli kiko upande gani wa tarakimu, tuseme kulia. Sasa izungushe sarafu nusu mzunguko, kichwa chini, bila kugusa taa. Kama kivuli bado kiko kulia kwako, ni mwanga. Kama kimehama na tarakimu na sasa kiko kushoto, ni chuma. Fanya hivi kabla ya kuendelea na sehemu yoyote iliyo hapa chini. Mjukuu wa mama alifanya mwenyewe, mara tatu, na sarafu tatu zikarudi kwenye kopo bila mimi kusema kitu.

Dalili: tarakimu ina ngazi bapa pembeni, na yenyewe imekonda

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, nami nilipotea hapo muda mrefu, kwa hiyo tukae kidogo.

Ukiangalia kwa lenzi unaona tarakimu, na ubavuni mwake kitu kama ngazi moja ya baraza: bapa, nyororo, iko chini karibu na uwanja wa sarafu (ile sehemu tambarare isiyo na picha), mara nyingi inang'aa kuliko tarakimu yenyewe. Ni chuma kweli, kipimo cha kuzungusha kinakubali. Lakini si mwaka wa pili.

Kilichotokea ni hiki. Muhuri ulikuwa umelegea kwenye mashine. Ulipiga vizuri, tarakimu ikainuka ilivyotakiwa. Kisha muhuri ulipokuwa unaondoka uliteleza upande nywele moja hivi, ukakata ubavu wa tarakimu iliyokwisha inuka na kuulaza chini. Wapishi watanielewa: ukifinyanga bukari (ugali) kwa bakuli kisha ukaliondoa bakuli kwa kuliburuta badala ya kuliinua, pembeni mwa bukari kunabaki utando uliolala. Hukuongeza bukari. Umelivuta lililokuwepo.

Kwa sababu hiyo swali la kwanza ninalouliza ni unene. Linganisha tarakimu hiyo na ile ya sarafu nyingine ya mwaka na thamani ile ile. Ngazi imechukua chuma kutoka kwa tarakimu, kwa hiyo tarakimu na ngazi yake kwa pamoja zina upana wa tarakimu moja ya kawaida, na tarakimu peke yake imekonda. Kurudiwa kwa kweli kwenye muhuri hufanya kinyume: kunaongeza. Tarakimu inanenepa. Ukikumbuka jambo hili moja utakuwa umejiokoa na theluthi mbili za hasara zangu.

Swali la pili ni mwelekeo. Muhuri ulioteleza uliteleza wote, kwa hiyo ngazi huwa upande uleule wa kila tarakimu na kila herufi, angalau katika eneo hilo la sarafu. Na swali la tatu ni urithi. Mashine iliyolegea inacheza kila pigo kivyake. Sarafu inayofuata ina ngazi nyembamba, ya tatu haina kabisa. Hakuna sarafu mbili zitakazolingana, na ndiyo maana haiorodheshwi kama aina na haiongezi bei hata senti.

Nne za kopo zilikuwa na ugonjwa huu. Likuta 1 moja na sengi 10 mbili, zote za 1967 na zote za alumini, na faranga 1 ya shaba ya Katanga ya 1961, yenye ndizi upande mmoja na msalaba upande wa pili. Alumini ni laini, ngazi yake inaonekana pana na nzuri kweli, kiasi kwamba sengi zile mbili zingemdanganya mtu yeyote. Nikamwonyesha mjukuu kwamba kwenye sengi ya kwanza ngazi iko kushoto kwa 7 na kwenye ya pili iko juu yake. Muhuri mmoja hauwezi kurudiwa pande mbili tofauti. Ingewezekana ni mihuri miwili, ndiyo, lakini tarakimu zote zilikuwa zimekonda, na mjadala ukaishia hapo.

(Neno makuta bado ni pesa midomoni mwetu, ingawa likuta yenyewe ilikufa zamani. Zaire moja ilikuwa makuta 100, likuta moja sengi 100. Kijana aliyezaliwa baada ya faranga kurudi anasema "sina makuta" kila siku, na likuta halijawahi kumpita mkononi mpaka siku ile.)

Dalili: tarakimu zimevimba, kingo zake hazieleweki, kuna kivuli pande zote

Huu ni uzee wa muhuri. Kila pigo chuma cha kisahani hutiririka kuelekea ukingoni na kuulamba muhuri, kama maji ya mvua yanavyolamba njia ya udongo. Baada ya mapigo mengi sana kona za tarakimu zinalika, mfereji unapanuka, na sarafu inatoka na tarakimu zilizojaa kama andazi. Wakati mwingine kunabaki mstari hafifu katikati ya uvimbe, nao ndio unaosababisha mtu kusema mbili.

Tazama uwanja, acha tarakimu. Kwenye muhuri mzee uwanja haulali. Una vinundu kama ganda la chungwa na mikondo inayoelekea ukingoni, na herufi za karibu na ukingo zinakaribia kuungana nao. Kivuli cha uzee huelekea nje, au huzunguka tarakimu yote, bila kona kali hata moja. Senti 10 mbili za tundu, za miaka ya 1920, zilikuwa hivi.

Usione aibu kudanganyika. Wamarekani wana senti ya 1955 ambayo ile 5 ya mwisho ina kivuli cha namna hii, nao huiita ya maskini kwa sababu huuziwa wasioweza kuifikia ile ya kweli ya mwaka huo huo.

Dalili: tarakimu ni nene, visigino vyake vimepasuka, na herufi nazo zimerudiwa

Sasa tunakaribia. Visigino naita zile ncha ndogo zilizo mwisho wa mistari ya tarakimu na herufi: mguu wa 1, mkia wa 2, kona za E. Muhuri ukirudiwa, picha mbili zinaingiliana, na mahali zinapoachana ni pale kwenye ncha. Unaona kisigino kimepasuka katikati, kama kwato ya mbuzi. Vipande vyote viwili vimeinuka, vina mgongo wa mviringo na kimo kinachokaribiana. Hakuna ngazi bapa. Ukiona kwato, vuta kiti.

Chanzo ni cha zamani na kinaeleweka. Chuma mama hakikuweza kuacha picha kamili kwa mkandamizo mmoja, kwa sababu chuma kinachokandamizwa kinakuwa kigumu. Muhuri ulitolewa, ukapashwa moto ili ulegee, ukarudishwa kukandamizwa tena, mara mbili au zaidi. Kama mara ya pili haukukaa pale pale, ukapata picha mbili. Viwanda vingi sasa vinakandamiza mara moja tu. Marekani waliingia kwenye njia hiyo miaka ya 1990. Kwa hiyo kwenye senti za zamani kosa hili ni la kawaida zaidi kuliko kwenye mpya.

Mkandamizo wa pili mara nyingi unakuwa umezunguka kidogo, wala haukusogea tu. Chukua karatasi mbili zenye maandishi yanayofanana, zibane kwa pini moja ukingoni, kisha zungusha ya juu kidogo. Karibu na pini maandishi yamelingana. Mbali nayo yameachana. Ndiyo sababu sarafu inaweza kuwa na mwaka uliorudiwa wazi na herufi za ukingo wa mbali wa uso huo huo safi kabisa. Fuata kurudiwa kutoka mwaka kwenda kwenye herufi za jirani: kukipungua taratibu kadiri unavyosogea, ni ushahidi mzuri kuliko kukikatika ghafla.

Mfano mkubwa ndio ule aliouona mjukuu kwenye simu. Mwaka 1955, Philadelphia, muhuri mmoja wa senti ya Lincoln ulikuwa umerudiwa kiasi kwamba mwaka na maneno yote unayasoma mara mbili bila lenzi. Kosa lilipogunduliwa sarafu zilikuwa zimeshachanganyika na nyingine nzuri, zikaachwa ziende. Makadirio yanayotajwa sana ni kati ya 20,000 na 24,000. Nyingi zilifika kwa watu ndani ya pakiti za sigara: mashine ilipokea senti 25, pakiti ilikuwa ya 23, na chenji ya senti mbili iliwekwa ndani ya pakiti. Wavuta sigara ndio waliozipata kwanza.

Nimemweleza mama kisa hiki kwa sababu mbili. Kwanza, uone ukubwa wake: kama kurudiwa kwa kweli kwa 1955 kunasomeka kwa jicho tupu na mjukuu anahitaji kuvuta picha mara nane kuona cha kwake, si ndugu. Pili, faranga 2 za 1943, zile za shaba ya njano zenye pembe sita na tembo, zilipigwa Philadelphia hiyo hiyo, wakati Ubelgiji iko mikononi mwa Wajerumani. Chuma mama, kupasha moto, kukandamiza tena, vyote vilikuwa vya mtindo ule. Ukikutana na tembo wa pembe sita mwenye tarakimu za kwato, usimrudishe kwenye kopo haraka.

Dalili: mwaka peke yake ndio umerudiwa, herufi zote safi

Zamani mwaka, au tarakimu yake ya mwisho, uligongwa kwa mkono ndani ya muhuri, tarakimu moja moja, kwa patasi ndogo yenye namba na nyundo. Fundi akikosea kimo, anagonga tena. Matokeo yake ni tarakimu yenye kwato zinazoelekea popote: 1 imerudiwa juu, 9 imerudiwa kushoto, nyingine hazina kitu. Mwelekeo usio na utaratibu, ambao kwenye ngazi ya mashine ungekuwa dalili mbaya, hapa ni dalili njema. Angalia pia alama ya kiwanda. Baadhi ya senti za Kongo za 1919 zina herufi H ndogo, ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, na alama kama hizo nazo ziligongwa kwa mkono sehemu nyingi.

Dalili: chini ya tarakimu kuna tarakimu tofauti

Si 2 juu ya 2, ni 2 juu ya 1. Muhuri wa mwaka uliopita ulikuwa bado mzima, na chuma kilikuwa ghali, wakaugonga namba mpya juu ya ile ya zamani. Au chuma mama cha miaka miwili kilitumika kwenye muhuri mmoja, kama ilivyotokea kwa senti 10 ya fedha ya Marekani ya 1942, ambayo 1941 inachungulia chini yake.

Kabla ya kushangilia, fikiri. Sarafu za Katanga zina mwaka mmoja tu, 1961. Nchi yenyewe, Katanga iliyojitenga na Kongo, ilitangazwa Julai 1960 na ikaisha Januari 1963. Hakuna faranga ya Katanga ya 1960 ambayo muhuri wake ungeweza kutumika tena, kwa hiyo anayekuuzia "1961 juu ya 1960" anakuuzia mkwaruzo. Hali ni hiyo hiyo kwa faranga 10 ya 1965 yenye kichwa cha simba, na sengi 10 na likuta za 1967. Tafuta mwaka juu ya mwaka kwenye sarafu zilizopigwa miaka mfululizo, kama senti 5 na senti 10 za tundu za wakati wa mfalme Albert wa Ubelgiji.

Dalili: pande zote mbili zimerudiwa

Kisahani hakikutoka, kikapigwa tena. Picha ya kwanza inabaki imebanjuliwa chini ya ile ya pili, mbele na nyuma. Ni ajali ya sarafu moja, si aina, ila wapo wanaoilipia kwa sababu inachekesha. Haitatajwa tena hapa.

Dalili: kuna jeraha

Faranga 2 moja ya tembo kwenye kopo ilikuwa na 3 mbili, na 3 ya pili ilikuwa imelala juu ya uwanja uliobonyea. Mtu aliigonga kwa nyundo, labda ilitumika kama washa kwenye boliti; maisha ya sarafu mjini kwetu ni marefu. Jeraha daima linasukuma uwanja pia. Kurudiwa kwa muhuri kunauacha uwanja umetulia.

Kuna na majeraha ya makusudi. Mjanja huchonga mguu wa pili kwenye 1 kwa sindano ya chuma, kisha anapaka mafuta na kuizika udongoni wiki mbili irudishe rangi. Kwa lenzi unaona mistari sambamba ya kuchimba na uwanja uliozama kandokando ya tarakimu, kwa sababu ili kitu kionekane kimeinuka amelazimika kushusha jirani zake. Nilinunua moja hivyo, kwa mtu aliyeniapia kwa mama yake. Ninaitunza, ninafundishia.

Ukibaki bila jibu

Tatu za mwanga, nne za mashine, mbili za uzee, moja ya nyundo. Ya kumi na moja ilikuwa senti 50 yenye mchikichi, ya miaka ya 1920, rangi ya chai ya rangi, haijawahi kuoshwa. Ile 2 ya mwaka ina mkia uliopasuka. Kipimo cha kuzungusha kinakubali. Vipande vyote viwili vina mgongo. Niliilinganisha na senti 50 nyingine mbili nilizonazo, na 2 yake ni nene kuliko zote. Herufi ni safi, uwanja umetulia, hakuna alama ya sindano. Kwa kila kipimo nilichoandika hapo juu, tarakimu hii iligongwa mara mbili.

Hata hivyo sikumwambia mama kwamba ni aina. Sarafu moja haitoshi kuthibitisha muhuri, kama barua moja isivyotosha kuthibitisha muhuri wa komini. Inahitajika ya pili, yenye kwato lile lile, upande ule ule, na kama kuna ufa au nundu nyingine ya muhuri, iwe nayo pia. Nimeipiga picha kwa mwanga wa dirisha, pande nne, huku mizani ya fundi dhahabu ikionekana pembeni, nikaipeleka kwa wakusanyaji watatu wa Likasi na Kolwezi waangalie makopo yao.

Mama alisikiliza yote, akauliza kama wakati tunangoja anaweza kupewa angalau bei ya gunia moja la makala. Nikamwambia akiniuzia leo nitamlipa bei ya senti 50 ya kawaida, maana ndiyo bei ninayoweza kuitetea. Alifikiri, akaifunga kwenye kipande cha kitenge, akaitia kifuani. Zile kumi alimwachia mjukuu, pamoja na lenzi yangu ya zamani, na Jumamosi iliyofuata kijana alirudi na kopo la jirani.